Fimbo Isiyo na Jina

Fimbo yangu ya kwanza ya pool ya kutengenezesha ilikuwa na pete za kijani na njano, na chini ya pete hizo jina langu la utani kwa herufi za shaba. Niliilipia shilingi 280,000 mwaka nilipolipwa malimbikizo, na kwa miezi miwili hapakuwa na mtu Kirumba nzima, hapa Mwanza, mwenye fimbo inayong'aa kama yangu. Kisha ada ya mtoto ikanikuta sina kitu, nikaamua kuiuza.

Mteja wa kwanza alikuwa mtu wa Simba. Akaiviringisha mezani, akakubali kwamba imenyooka, akapiga mipira minne mitano, akanirudishia kwa mikono miwili kama anayerudisha sahani ya msibani. "Kaka, nitaingia nayo wapi hii?" Wa pili alikuwa Yanga mwenzangu. Rangi hazikumsumbua, ila aliuliza kama herufi zinang'oka. Hazikung'oka. Fundi alikuwa amezigandisha kwa gundi itakayonizika. Mwisho ilikwenda kwa 90,000 kwa kijana wa Igoma, ambaye siku hiyo hiyo, mbele ya macho yangu, alizungushia solotepu nyeusi juu ya jina langu.

Bado tunakutana mezani, yeye na mimi. Akiinama kupiga naiona ile solotepu, na najua chini yake kuna shilingi 190,000 zangu.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyekwisha kuumia. Nataka kuzungumza na mchezaji wa kawaida wa pool, mwenye laki mbili au tatu alizozidunduliza, anayetaka fimbo yake mwenyewe ya kutengenezesha, ya kuchezea miaka kadhaa, na siku mambo yakibana aiuze bila kulia.

Kwanza, kwa nini fimbo yako mwenyewe? Anayecheza pool Mwanza huanza na fimbo za ukutani. Unazijua: moja imepinda kama ndizi, nyingine tipu yake, ile ngozi ya mbele inayogusa mpira, imekauka ikawa bapa kama kifungo cha shati, na ile moja iliyonyooka ina mwenyewe, hata kama mwenyewe hayupo. Pale ninapochezea mimi, jirani na Mwaloni, meza imesogea mno kwenye nguzo, kwa hiyo ipo fimbo iliyokatwa kwa msumeno ibaki fupi, ya kupigia mipira ya upande ule. Nilicheza na fimbo hizo miaka saba. (Miaka ile viongozi walipokuwa wakikemea vijana kucheza pool asubuhi, mama yangu aliamini kabisa kwamba wanamsema mwanawe.) Siku nilipokwenda kutazama mashindano ya Safari Pool na kuona wachezaji wakifungua mikoba mirefu, wakiunganisha vipande viwili taratibu bila kutazama, nilielewa walichotuzidi. Siyo kwamba fimbo zao zilikuwa na miujiza. Kila siku walishika uzito uleule, unene uleule, tipu ileile. Wakikosa, wanajua wamekosa wao. Mimi nikikosa nilikuwa naitazama fimbo.

Sasa, kabla hujatoa hata mia, pima mpira wa meza unayochezea. Mipira ya pool ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 57. Ya Kiingereza, inayotumika kwenye mchezo wa blackball, ni kama 51. Tofauti ni milimita sita tu, lakini ndizo zinazoamua fimbo nzima. Kwa mipira mikubwa shafti, yaani nusu ya mbele ya fimbo, kwa kawaida huwa ya mepo, ule mti mweupe mgumu wa Marekani ya Kaskazini, na tipu ya milimita 12 hadi 13. Kwa mipira midogo shafti mara nyingi ni ya mti wa ashi, na tipu ni kati ya 8 na 10. Nimemwona mtu aliyeletewa na shemeji yake kutoka Uingereza fimbo nzuri ya tipu ya milimita 9, anaipigia mipira ya 57, kila akivunja ngome, yaani akipiga ile pembetatu ya mipira mwanzoni mwa mchezo, fimbo inatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Fimbo haikuwa na kosa, ila ilizaliwa kwa meza nyingine. Alihangaika nayo miezi mitano kupata mnunuzi, kwa sababu waliokuwa wanamzunguka wote walicheza meza ile ile yake.

Uzito na urefu havina siri kubwa. Fimbo nyingi za mipira mikubwa zina urefu wa sentimita 147 hivi, na uzito wa aunsi 18 hadi 21, yaani kama gramu 510 hadi 595. Kaa humo katikati. Fimbo ya gramu 640 itampendeza mtu mmoja tu, nawe hutajua anaishi wapi siku unapotaka kuuza.

Nilipoumia kwa zile 190,000 nilianza kusoma usiku kwenye simu, nikitaka kujua kwa nini kuna fimbo huko Marekani ambazo zikitumika miaka thelathini bei inapanda badala ya kushuka. Jina la kwanza utakalokutana nalo ni George Balabushka. Alizaliwa Urusi mwaka 1912, akahamia Marekani akiwa mtoto, akawa seremala New York, na mwaka 1959 akaanza kutengeneza fimbo. Alifariki mwaka 1975. Kilichonishangaza ni kwamba nyingi kati ya fimbo zake ni za kiasi sana: ncha nne za mbao zinazopanda kwenye mpini, yaani nusu ya nyuma ya fimbo, uzi wa kitani pale pa kushikia, pete chache, basi. Tena mipini mingi hakuianza yeye. Alinunua vipande vilivyokwisha kuunganishwa na mafundi wengine, akavikereza na kuvimalizia. Watu walikuwa wanalipia mkono wake kwenye kiungo, kwenye wembamba wa shafti, na kwenye mizani ya fimbo ikilala kiganjani.

Karakana nyingine ni Southwest ya Las Vegas, iliyoanzishwa na Jerry Franklin. Fimbo zake zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Ukiiona moja umeiona familia. Foleni ya kuagiza ni ya miaka mingi, na asiyetaka kungoja hununua iliyotumika kwa bei inayozidi ya karakanani.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunasoma habari hizo tunadhani thamani iko kwenye "fimbo ya kutengenezesha", kwa sababu tu imetengenezeshwa. Balabushka na Southwest zinauzika kwa kuwa mnunuzi wa Chicago anamjua fundi kabla hajaishika fimbo. Mwanza hatuna fundi ambaye jina lake peke yake linaongeza hata elfu kumi. Fimbo yetu inauzwa kwa dakika tano, mezani, na mtu ambaye hajui imetoka wapi na wala hataki kujua. Atakachokilipia ni kile anachoweza kukijaribu mwenyewe ndani ya dakika hizo. Tangu nilipokielewa hicho, maamuzi yote mengine yalikuwa mepesi. Pete za rangi? Hazijaribiki. Jina? Hilo ndilo kabisa halijaribiki. Unyoofu, kiungo, uzito, tipu: hivyo vinajaribika, hela iende huko.

Kuna onyo moja nililitoa kwenye kusoma huko na sijaona mtu wa kwetu akilisema. Fimbo za zamani za Marekani, zile za thamani hasa, nyingi zina pembe za ndovu kwenye kiungo na kwenye ile kofia nyeupe iliyo chini ya tipu. Ukipata ndugu wa kukuletea, mwambie mapema asiguse hizo. Nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliamua mwaka 1989 kufunga biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na Tanzania ndiyo nchi ya mwisho duniani ambako ungependa kushikwa uwanja wa ndege na pembe, hata iwe ndogo kama kidole. Utaanza kueleza habari za pool kwa mtu ambaye hachezi.

Baada ya miezi ya kusoma nikaenda Mabatini kwa mzee mmoja mwenye kerezo. Kazi yake ni matendegu ya vitanda, michi, na wakati mwingine nguzo za ngazi za nyumba za wenye nazo huko Capri Point. Mashine yake inaendeshwa na mota kuukuu inayonguruma kama ng'ombe mwenye njaa. Nilimsalimu kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, "Mwangaluka, baba," akaitikia, akacheka lafudhi yangu, akasimamisha mota.

"Unataka fimbo ya kuchezea au ya kupigia picha?"

"Ya kuchezea, mzee wangu. Na siku nikiishiwa niiuze."

"Basi rudisha hilo karatasi mfukoni."

Karatasi lenyewe lilikuwa na mchoro wangu wa ncha nne. Nilikuwa nimeapa kuacha rangi na majina, lakini ncha za Balabushka zilikuwa zimeniingia kichwani. Mzee akanieleza bila haraka. Kila ncha ni mfereji uliochongwa kwenye mpini na kipande cha mti mwingine kilichokaa humo bila mwanya. Ncha zote nne lazima zifike kimo kimoja. Moja ikiwa fupi kwa nusu sentimita, jicho linaiona kabla ya kuona kitu kingine. "Mashine yangu haina vipimo hivyo," alisema. "Nitajaza mianya kwa gundi na vumbi la mpingo. Wewe utajua, mimi nitajua, na atakayekuja kununua atajua zaidi yetu." Nikalikunja karatasi.

Alinipa mambo mawili tu ya kuchagua: mti wa mbele ya mpini na mti wa nyuma. Mninga alikuwa nao, mabaki ya kabati, mkavu wa miaka. Mpingo alikuwa na vipande viwili alivyoachiwa na mchonga vinyago. Mimi, kama kila mtu, nilitaka mpini wote uwe mpingo. Mti wetu huu ndio unaokwenda Ulaya ukageuka klarineti; nani asingetaka? Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu kwenye daftari la mtoto.

Hesabu yenyewe ni hii, nawe unaweza kuirudia. Mpini wa sentimita 74, ambao kwa wastani ni mnene milimita 26, una ujazo wa karibu sentimita za ujazo 390. Mpingo ni mzito kuliko maji. Sentimita moja ya ujazo ina kama gramu 1.2. Mpini peke yake ungekuwa gramu 470. Ongeza shafti ya gramu 105 na vyuma na mpira wa chini, unavuka 620. Hiyo ni fimbo ya kuvunjia ngome na migongo. Mpini wote ukiwa mninga, ambao ni mwepesi karibu nusu ya mpingo, fimbo nzima haifiki hata gramu 410, na utalazimika kuuficha mpini vyuma vya uzito. Lakini nyuma sentimita 30 za mpingo na mbele 44 za mninga, jumla inakuja gramu 520 hivi bila kuongeza hata risasi ya ndoano, na mahali fimbo inapolala sawa kwenye kidole ni sentimita 46 kutoka chini, karibu kabisa na pale mafundi wengi wanapopapenda. Ilipokamilika niliipima kwenye mizani ya jirani anayeoka keki: gramu 527. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia matokeo yangu ya kidato cha nne.

Na mchanganyiko huo ndio ulioleta urembo pekee wa fimbo ile. Mninga wa kahawia ya dhahabu, ukikutana na weusi wa mpingo kwa mstari mmoja ulionyooka. Hakuna timu yenye rangi hizo.

Vumbi la mpingo si la kuchezea. Mzee alijifunga kipande cha kanga puani na bado alipiga chafya siku nzima. Na mpingo una mafuta; kabla ya kuugandisha na mninga aliusugua kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kikaacha kuchafuka, ndipo akachanganya gundi ya tyubu mbili. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ukigandisha juu ya mafuta kiungo kitakaa mwaka mmoja, halafu siku moja utapiga mpira usikie "tik", na tik hiyo haitoki tena. Nilimsikia akiirudia kwa mteja wa kitanda aliyefuata, tik ileile.

Shafti ilikuwa habari nyingine. Mzee aliwahi kujaribu mkaratusi miaka ya nyuma, kwa kuwa ni mgumu na upo kila mahali. Ulipinda ndani ya mvua za vuli za kwanza. Alikuwa bado anaitunza fimbo hiyo nyuma ya mlango, anafukuzia mbuzi. Kwa hiyo shafti nilinunua mbili za mepo, kupitia binamu yangu anayekwenda Kariakoo kila mwezi, shilingi 70,000 kila moja. Mbili, zilizotoka pamoja, unene mmoja, milimita 12.75. Wengi waliniambia napoteza hela. Nitalirudia jambo hilo.

Shafti zilikuja na uzi wa ndani wa 5/16 kwa 18, yaani boliti ya inchi tano kwa kumi na sita yenye meno 18 kwa kila inchi. Nikaenda dukani kununua boliti ya kuweka kwenye mpini. Muuzaji akachukua shafti, akajaribu boliti ya milimita nane, ikaingia. Tukalipana. Nilipofika kwa mzee, ikaingia mizunguko miwili, ikagoma. Nikawa naikaza. Mzee alinipokonya kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

Ukitazama unaona kwa nini inadanganya. Inchi 5/16 ni milimita 7.94, kwa hiyo boliti ya nane inakaribia kuwa sawa nayo kwa unene. Lakini meno ya boliti ya nane yamepishana milimita 1.25, na ya ile nyingine milimita 1.41. Mzunguko wa kwanza hauoni tofauti, wa pili unaona, wa tatu unapasua mti. Ningekaza mara moja zaidi, 70,000 ingekuwa kuni. Boliti ya kweli niliipata siku ya tatu, kwenye duka la spea za magari ya zamani, kwa mzee ambaye hakuuliza hata ni ya nini. Alisema tu, "Uzi wa inchi," akaingiza mkono kwenye kopo akaitoa.

Ninaisimulia kirefu kwa sababu hapa ndipo bei ya kuuzia inapojificha. Uzi huu, kama 5/16 kwa 14 au 3/8 kwa 10, ni kati ya nyuzi zinazotumika sana duniani kwenye fimbo. Mwenye mpini wangu anaweza kununua shafti yoyote ya uzi huo, hata ya kaboni, akaifunga. Fundi wa fimbo yangu ya kwanza alitumia boliti aliyokuwa nayo. Shafti yake ingepata ufa, mpini wake ungebaki kuwa mwiko wa ugali.

Kuhusu kaboni na shafti za kisasa, maneno machache. Ukipiga mpira mweupe pembeni ili uzunguke, hauendi kule fimbo ilikoelekea. Unakengeuka kidogo upande wa pili. Kadiri sentimita chache za mbele za shafti zinavyokuwa nyepesi, ndivyo unavyokengeuka kidogo. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 kampuni kama Predator zimekuwa zikitoboa mbele ya shafti kwa ndani, na baadaye zikaja na kaboni, ambayo tena haipindi kwa unyevu. Ni nzuri. Ila mkono unazoea mkengeuko wowote mradi usibadilike, na mimi meza yangu ina kitambaa chenye kiraka. Nilibaki na mepo.

Mzee alichukua wiki saba. Hakukereza mara moja. Alipunguza milimita moja au mbili, akautundika mpini kwa kamba kwenye kenchi usimame wima, akaendelea na matendegu ya watu. Kila mara nilipopita nilikuta umening'inia tu. Alisema mti ukikatwa unataka kupinda pale pale, sasa mwache apinde akiwa mnene, ndipo umnyooshe ukimpunguza. Alizungumza juu ya mti kama juu ya kijana wa darasa la saba.

Mpini alipaka vanishi tabaka jembamba nne, akisugua kwa msasa laini kati ya tabaka na tabaka. Shafti nilimwomba asiiguse kabisa. Ile fimbo yangu ya kwanza ilipakwa vanishi mpaka mbele, na katika joto la hapa, mkono ukitoka jasho, ilikuwa inanata kama imepakwa asali. Nilicheza nayo nikiwa na kopo la poda ya watoto mfukoni, suruali zangu zote zikawa na alama nyeupe. Uzi wa kitani sikuweka. Mninga uliosuguliwa vizuri unatosha kiganja, na uzi ukichafuka hakuna wa kuubadilisha hapa.

Kwa hiyo: shafti mbili 140,000, mzee 85,000, boliti, mpira wa chini, vanishi na nauli kama 25,000. Laki mbili na nusu. Fimbo isiyo na ncha, isiyo na jina, isiyo na rangi. Siku ya kwanza naipeleka pale Mwaloni, mmoja akauliza kama nimeiba mguu wa meza.

Nilicheza nayo miaka miwili na miezi kadhaa, na shafti nilitumia moja. Ya pili ilikaa ndani ya bomba la plastiki la inchi tatu nililolitandika kitenge kwa ndani, ambalo ndilo lilikuwa mkoba wangu. Bomba la maji halipendezi, lakini fimbo haiegemei ukuta humo, na fimbo iliyoegemezwa ukutani kona ya chumba, hasa hapa ziwani, mvua zikija na joto likija, inajifunza kupinda polepole. Sikuwahi kuiacha ndani ya gari juani. Sikuisugua kwa msasa hata siku moja. Vijana wetu shafti ikinata kidogo wanachukua msasa, wanasugua, inateleza, wanafurahi. Kumbe kila wakisugua wanaila. Nimeona shafti iliyonunuliwa ikiwa na milimita 13 ikifika 11 na kiuno juu. Kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa sana, halafu kikavu, halafu karatasi nyeupe ya kawaida kuisugulia mpaka ipate moto, inatosha.

Kisha ada ikanikuta tena. (Watoto wanakua, fimbo hazikui.)

Niliweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp, picha tatu tu, na vipimo vyote: urefu, gramu, tipu, uzi wa kiungo. Siku mbili kimya. Ya tatu akanipigia mtu wa Ukerewe, mfanyabiashara wa dagaa, akasema anakuja Jumamosi na meli ya Nansio. Alikuja kweli, na begi dogo, akakataa soda.

Nilikuwa nimejiandaa kusimulia habari za mpingo. Hakuuliza. Alifungua fimbo, akaviringisha shafti peke yake juu ya meza akiwa amechuchumaa, jicho sawasawa na kitambaa, anatazama kama mwanga unapita chini yake. Halafu mpini peke yake. Halafu vyote vimeunganishwa, kwa sababu kila kimoja kinaweza kunyooka na kiungo kikavipindisha. Akapitisha ukucha juu ya kiungo, mara tatu, akizungusha. Akaigonga chini kitako kwa upole na kusogeza sikio; nilijua anaitafuta ile tik. Akaweka mpira mweupe katikati, akaupiga polepole kwenda kwenye bodi ya mbele urudi, na uliporudi uligusa tipu. Akarudia kwa shafti ya pili, ile ambayo haikuwahi kuchezewa, na hapo ndipo nilipoona uso wake ukilegea kidogo. Shafti moja ni fimbo. Mbili ni fimbo na miaka ya mbele.

"Mia na themanini," alisema.

"Mia mbili sitini, kaka."

Tulizunguka meza, tukacheza mchezo mmoja akanifunga akitumia fimbo yangu, tukakubaliana 230,000. Miaka miwili na zaidi ya kucheza ilinigharimu shilingi 20,000. Hela ziliingia kwenye simu, ujumbe ukasoma, tukashikana mikono. Nikampa na bomba.

Alikuwa ameshafika mlangoni aliporudi hatua mbili. Akaunyosha mpini kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba pale mninga unapokutana na mpingo, palipo patupu.

"Huyo fundi wako," aliuliza, "anaweza kuniandikia jina hapa?"

Nilimpa namba ya fundi.